Mwanangu, acha kulifukuza tundu

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, nimeitazama video uliyonitumia ukicheza kendama, kile kichezeo cha Kijapani chenye mpini wa ncha na sahani tatu, na tufe lenye tundu, liitwalo tama, lililofungwa kwa uzi, kisha nikairudia kwa mwendo wa polepole. Sahani kubwa unaipatia. Sahani ndogo unaipatia. Hata tomekeni, ile ya kuivuta tama wima mpaka ikae kwenye ncha, inakuingia mara sita katika kumi. Basi umefikia furikeni, ile ya kuibembeza tama mbele, ibinuke angani, kisha tundu lake lishuke kwenye ncha, umeifikia kwa haki, wala hujairukia. Ila ukifika hapo mkono unaharibu: tama ingali mbali angani, wewe umeshanyoosha mkono kwenda kuichoma. Unalifukuza tundu. Furikeni haichomwi, mwanangu. Tama inazungushwa, tundu linakuja, ncha inalipokea.

Ichukue kendama yako uitazame ukisoma. Keni ni ule mpini wenye ncha juu. Sarado ni kile kipande kilichokingama, chenye sahani kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, na sahani ya kati iko kwenye kitako cha keni. Wajapani wenyewe wanaziita sahani, kwa hiyo neno letu limekaa mahali pake. Tama ni lile tufe, na si hii tama yetu ya kushikwa shavuni. Mtu aliyeiweka kendama katika umbo hili ni Hamaji Egusa, kule mkoani Hiroshima, na alisajili ubunifu wake mwaka 1919. Aliuita mchezo wa jua na mwezi: tama nyekundu ndiyo jua, na mbonyeo wa sahani ndio mwezi mwandamo. Mpaka leo Kombe la Dunia la kendama linafanyika mkoa huohuo, mjini Hatsukaichi, tangu mwaka 2014.

Sasa geuza tama. Uzi unatokea upande mmoja, na tundu liko upande wa pili, mkabala kabisa. Furikeni nzima imejengwa juu ya jambo hilo moja. Tama ikining'inia, tundu linatazama sakafu. Ukiirusha mbele, tundu linatazama mbali nawe, kwa kuwa uzi ndio unaokutazama wewe. Kwa hiyo kabla ncha haijaingia, ni lazima tama ijibinue: tundu litoke kule mbele, lipite juu, lije kukuelekea.

Kama bado hulioni kichwani, chukua chungwa. Pale penye kikonyo ndipo uzi, na upande wa pili chora duara kwa kalamu, hilo ndilo tundu. Lishike mbele yako, kikonyo kikutazame. Sasa kivute kikonyo kuelekea chini, kama unayelipigisha chungwa kichwangomba kuja kwako. Angalia duara linavyopanda, linavyopita juu, halafu linavyokugeukia. Lirudie hilo mara tano polepole. Mkono wako wa keni utafanya kazi hiyohiyo kupitia uzi.

Kabla ya kila jaribio, na nasema kila jaribio, iache tama ining'inie mpaka uzi umalize kujisokota. Kwenye video yako umerusha mara nane bila kuunyoosha hata mara moja, na kuanzia ya tano tama inazunguka pembeni kama pia. Tama inayozunguka pembeni haitakuletea tundu hata ungevuta vizuri namna gani. Ishike kwa vidole viwili, isimamishe, iachie taratibu. Ni sekunde tatu tu. Urefu wa uzi pia upime: sentimita 38 hadi 40 kati ya tama na keni zinatosha kwa umri wako. Wako naona umezidi, umefungwa vibaya ulipokatika. Uzi mrefu unachelewesha mzunguko, nawe unabaki unangoja tundu lisilofika.

Keni ishike kwa dole gumba na kidole cha shahada chini kidogo ya sarado, vile vidole vingine vikizunguka mpini bila kubana. Ncha iwe juu, imelala kidogo kuelekea mbele. Usipandishe vidole juu ya sarado, maana tama ni mbao ngumu na ikikosa ncha inatua kwenye vifundo vyako. Miguu iwe wazi kama upana wa mabega, na mguu wa upande wa mkono unaochezea utangulie nusu hatua. Kiwiko kiwe karibu na mbavu. Magoti yawe yamekunjwa kidogo tangu mwanzo.

Mkono wa kushoto unaishika tama kwa ncha za vidole na kuivuta kuelekea tumboni mwako, uzi ukiwa umekazika. Kisha unaiachia. Sikiliza hapo: unaiachia, huisukumi. Ukiisukuma inaondoka imepinda, na kila kinachofuata kinapinda. Ikishaachiwa itabembea yenyewe kama jiwe la timazi, ipite chini, iende mbele. Iache iende. Ikikaribia mwisho wa bembea, uzi ukiwa karibu kulala sambamba na sakafu, ndipo unapovuta.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu. Mvuto ni mfupi, kama kiganja kimoja tu, na unakuja upande wako, ukiteremka kidogo. Magoti yanashuka pamoja nao. Ni kama kumgusa mtu begani ili ageuke. Hakuna haja ya kumvuta shati. Uzi unakazika kwa kitambo kidogo, upande wa kikonyo unavutwa chini, tama inabinuka, kisha uzi unalegea na tama inaelea kuja kwako. Uzi ukishalegea, mkono wako umemaliza kuvuta. Tazama tundu tu. Utaliona likipita juu, jeusi, kama jicho linalofumbuka. Likikutazama, peleka ncha chini yake, halafu uteremshe mkono na magoti kwa mwendo uleule wa tama, ili tama iikalie ncha yenyewe. Mkono unaoshuka na tama unaipa tundu muda wa kukaa sawa. Mkono unaopanda kukutana nayo unaigonga, nayo inaruka.

Sasa tusome makosa kwa jinsi tama inavyotua, maana tama husema ukweli. Ikikufikia na tundu bado linatazama dari, mvuto ulikuwa mlegevu, au ulivuta juu tu bila kuileta kwako. Ikikufikia na tundu limeshapita na kutazama sakafu, ulivuta kwa nguvu mno, au tama ilipanda juu sana na ukachelewa kuipokea. Ikienda mbali ukalazimika kuikimbilia hatua mbili, ulivuta baada ya bembea kwisha. Ikikupiga kifuani, ulivuta mapema. Ikigonga ukingo wa tundu, ukasikia ule mlio wa "tok", ikaruka pembeni, hapo furahi kidogo: mzunguko ulikuwa sahihi, kosa ni kuchoma. Ukingo wa tundu umechongwa kwa mshazari ili uiongoze ncha kuingia, ila hauwezi kuongoza ncha inayokuja kwa kasi. Kwenye video nimehesabu "tok" tatu. Ndizo zilizonifanya niandike.

Kwa hiyo, wiki hii usiingize ncha kabisa. Rusha, vuta, kisha idake tama kwa mkono wa kushoto tundu likikutazama. Huo tu. Ukiweza kuidaka hivyo mara kumi mfululizo, umeshapata sehemu ngumu ya furikeni, maana iliyobaki ni ileile tomekeni unayoijua, ila tama imelala kidogo. Hapo ndipo urudishe ncha. Dakika 15 au 20 kwa mkupuo mmoja zinatosha, kisha pumzika, kwa sababu mkono ukichoka unarudia kuchoma bila wewe kujua. Ukiona mikupuo miwili imeharibika yote, rudi kwenye tomekeni tano nzuri, kisha ujaribu tena.

Chezea uani au mahali penye zulia, mbali na kioo cha televisheni. Mdogo wako asisimame mbele yako, kwani tama ikirushwa inapita usawa wa uso wake. Na usiinamishe uso juu ya ncha kutazama kama imeingia, sauti itakuambia. Ikiingia haisemi "tok". Inatoa mlio mzito, mmoja, kama kizibo kinachokaa kwenye chupa.

Ukifunga uzi upya, funga fundo mara mbili na uhakikishe ushanga uliomo ndani ya tama haujapasuka, maana ndio unaozuia fundo lisipenye. Kisha nitumie video nyingine, ila safari hii simu isimame ubavuni kwako, kama hatua tatu, usawa wa kiuno. Ukipiga kutoka mbele silioni tundu linavyogeuka, naona vidole vyako tu.

Mama yako