Mume wangu alisema mbele ya mama yake kwamba nimeua betri

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa za usiku, sijapata hata lepe la usingizi, na gari lipo pale pale lilipogomea.

Taa nilizima. Alfajiri ile mume wangu alikuwa ampeleke mama yake hospitali. Mama ameshakaa kiti cha mbele, mkoba magotini. Ufunguo ukazungushwa: "ka!" moja, kimya. Akarudia, "ka!" ile ile. Akanigeukia, akasema mama akisikia, "Huyu jana ameacha taa zinawaka, ameua betri." Mama mkwe hakutia neno. Alishuka polepole, akafunga mlango taratibu. Heri angenigombeza.

Ni kweli mimi ndiye niliyeliendesha mwisho. Lakini taa nilizima.

Jirani akalibusti, yaani akaliunganisha kwa waya na betri ya gari lake, likawaka, wakaenda. Basi hukumu ikapita. Jioni mume wangu akanunua betri mpya, likawaka siku mbili, ya tatu "ka!" tena. Akasema nimeua na hii.

Mimi si fundi, ila baba yangu alikuwa fundi, na nimekua nikimshikia tochi. Betri iliyoishiwa kwa kawaida hugongagonga haraka haraka, tk-tk-tk, na taa za dashibodi hufifia. Zetu zinang'aa vilevile. Juzi alipotoka nikachukua mita. Betri volti 12.6, yaani imejaa. Nikaweka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, binti yangu mkubwa akazungusha ufunguo, gia ikiwa huru. Mita ikaruka hadi volti 9! Waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na injini, ukiwa mzima hapo haipotei hata nusu volti. Nikaufuata ule waya mnene mpaka unapofungwa kwenye injini: bolti inazunguka kwa vidole, chini yake kutu tupu.

Ndipo nikakumbuka jirani alibana klipu nyeusi kwenye chuma cha injini, si kwenye betri. Umeme ukapita pembeni ya waya mbovu, ndiyo maana liliwaka. Na walipofunga betri mpya nadhani waya ulitikisika, ukashika kwa muda. Betri ya zamani haikuwa na kosa, Shangazi. Wala mimi.

Sitaki aniombe msamaha, ndoa yetu ina miaka mingi, hayo madogo. Ila aliyasema mbele ya mama. Mama ananijibu salamu kwa mkato tangu siku ile, na mwanawe anaona, ananyamaza. Angalau amwambie mama kwa mdomo wake mwenyewe. Kuna saa hata mimi najiuliza kama kweli nilizima, kwa jinsi alivyolirudia lile neno. Nilizima.

Ile bolti sijaigusa. Nikiikaza kimyakimya gari litawaka, naye atasema betri mpya imekubali, na mimi nitabaki mwenye kosa. Nikimwonyesha, nitakuwa nimemwaibisha kwa pesa aliyokwisha kutoa, naye ana hasira za karibu. Na huku mama ana miadi nyingine wiki ijayo, sitaki ashuke tena garini vile.

Spana namba 13 ninayo hapa mezani. Niende nikakaze, au nimsubiri aamke nimpe yeye mita mkononi?