Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kutafuta Shehena ya BI

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mwaka huu, katika kukusanya kumbukumbu za meli za pwani yetu, kamati ilishughulikia kampuni moja tu ya meli, British India Steam Navigation, yaani BI. Baadhi yenu mlitaka tuendelee na majahazi. Mimi bado nautetea uamuzi wa kuishughulikia BI, kwani BI iliigeuza biashara ya pwani hii.

Mskoti William Mackinnon aliianzisha mwaka 1856 kwa kazi ya barua kati ya Calcutta na Rangoon; jina la British India likaja 1862. Miaka kumi baadaye meli zake zikaanza safari ya kila mwezi kutoka Aden hadi Zanzibar. Serikali ya Uingereza ililipia barua, kwa hiyo meli iling'oa nanga siku yake hata kama ngama, yaani tumbo la meli la kuwekea shehena, ni nusu tupu. Mfanyabiashara wa karafuu akapata kitu ambacho jahazi, linalongojea kusi na kaskazi, lisingeweza kumpa: tarehe.

Linaloniuma ni hili. Picha tulizokusanya karibu zote ni za meli za abiria: Karanja, Kampala, Uganda, na lile bomba jeusi lenye mistari miwili myeupe. Shehena haimo, wala walioibeba. Hapa Mombasa, kabla ya gati za maji marefu kufunguliwa Kilindini mwaka 1926, meli ilitia nanga mbali na nchi kavu. Tishari, yaani mashua bapa za kubebea mizigo, zilisogezwa ubavuni, winchi ikateremsha magunia ya mchele, na hamali wakayapokea huku wimbi likiipandisha tishari na kuishusha. Mzigo ukiteremka wakati tishari inapanda, mtu huvunjika mguu. Watu hao ndio walioipa kampuni faida yake, na majina yao hatuna.

Mwaka 1914 BI iliungana na kampuni nyingine ya meli ya Uingereza, P&O, ila ikabaki na jina na rangi zake. Kuanzia 1971 meli zake zilimezwa ndani ya P&O. Abiria walikuwa wameanza kuhamia kwenye ndege, na kontena ikaichukua shehena.

Mwakani tutawarekodi wazee waliofanya kazi bandarini, tukianza na walio wagonjwa. Aliye na hati ya shehena, kitabu cha ubaharia au kadi ya kazi ya babu yake amletee katibu. Tutanakili mbele yake na kumrudishia papo hapo. Mweka hazina atawasomea hesabu.