Kikombe cha maembe ni gramu ngapi, Mhariri?

Mhariri, pokea salamu. Ukurasa wenu wa mapishi tunausoma sana huku Umoja, kuna hadi wenye wanaukata wanabandika kwa friji, lakini hii maneno ya "vikombe viwili vya maembe" tafadhali iangalieni. Kikombe gani sasa? Kile cha Marekani kinabeba mililita 237 hivi, kwingine wanatumia cha 250, na kile cha chai ya asubuhi kwa nyumba nyingi hapa Nairobi kinapita 300, kwa hivyo majirani watatu wakifuata resipi moja kila mtu anatoa chakula chake.

Na hata tukikubaliana kikombe, tunda lenyewe halitulii. Stroberi nzima kwa kile kikombe cha Marekani ni kama gramu 145, kwa sababu hapo katikati kuna hewa tupu, lakini zipitishe kwa blenda ujaze kikombe hicho hicho unapata karibu 230. Ndizi ya kukatwa ni kama 150, ya kupondwa 225. Sasa mkiandika "kikombe cha ndizi" na mnyamaze hapo, mtu ataponda ama atakata, keki ikikataa kuiva katikati analaumu oveni ya watu bure.

Jemu ndio kabisa. Watu wengi wanapika kwa kipimo cha zamani, uzito wa tunda na wa sukari sawasawa, halafu mtu anageuza inakuwa kikombe kwa kikombe akidhani ni kitu kimoja. Si kimoja! Kikombe cha sukari ni gramu 200, cha maembe ya vipande 165 hivi, sukari imeshinda tayari, na kwa stroberi nzima imeshinda zaidi. Jemu inakuwa tamu ya kukera, ikikaa inaanza kufanya chembechembe, na sukari yenyewe mnajua bei yake.

Halafu kuna kilo ya Marikiti na kilo ya sufuria. Nanasi ukitoa majani, maganda na ule moyo wa katikati, karibu nusu imeenda kwa ndoo ya taka. Ndizi maganda ni kama theluthi, embe nalo ganda na kokwa haziko mbali na hapo. Kwa hivyo "kilo moja ya maembe" pia haitoshi, semeni ni kabla ya kumenya ama baada. Na msituambie "maembe matatu", embe la apple na ngowe hazilingani, na mama mboga ndiye anajua ya leo yako saizi gani.

Najua kuna mtu atauliza, mzani wa jikoni ni wangapi wako nao? Ni kweli, wengi hatuna. Mwenye hana aponde tunda kwanza ndio apime kwa jagi lenye alama za mililita, tunda likishapondwa vizuri bila hewa mililita 100 ni karibu gramu 100, inapungua kidogo tu. Kwa keki ya ndizi hiyo inatosha kabisa. Saladi ya matunda wala usijisumbue, kata tu.

Msimu wa maembe ya Makueni ukifika najua mtatuletea chatne na jemu tena. Andikeni gramu, na vikombe muweke kando yake kwa wenye wanavitaka.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi