Ujuzi wa wastaafu wa mkonge usiishie barazani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ili nichangie mjadala wa kustaafu, ambao kwa miaka kadhaa sasa umekuwa mjadala wa kikokotoo tu, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Silidharau jambo hilo, kwani kanuni za mwaka 2022 zilizoweka mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, kuwa asilimia 33 ziliwavurugia mipango watumishi wengi wa umma waliokuwa wakitarajia nusu. Hata hivyo, mafao yakishalipwa na pensheni ya mwezi ikianza kuingia, mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda kazini hubaki na siku nzima isiyomhitaji.

Nilikuwa fundi mitambo katika shamba la mkonge wilayani Muheza hadi nilipotimiza miaka 60. Semina tuliyoandaliwa kabla ya kuagana ilihusu matapeli na ufugaji wa kuku wa mayai. Onyo kuhusu matapeli lilikuwa la lazima. Kuku nao ni biashara nzuri kwa anayewapenda, ila sijaelewa kwa nini kila mstaafu wa nchi hii adhaniwe kuwa mfugaji. Hakuna aliyetuuliza tunajua nini, wala aliyetudokeza kwamba mke aliyeiendesha nyumba peke yake miaka yote hiyo hatafurahia kupata msimamizi mpya jikoni.

Hapa Ngamiani, kwenye vijiwe vya kahawa, wamekaa watu walioendesha korona, yaani mashine za kuchakata majani ya mkonge, kwa miongo kadhaa. Jani la mkonge halitoi singa, yaani nyuzi zake, zaidi ya asilimia nne au tano ya uzito wake, na likicheleweshwa baada ya kukatwa hukauka na kuwa gumu kuchakatwa. Kwa hiyo mashine ikisimama, hasara huanza siku hiyohiyo. Nafasi kati ya visu vya ngoma na kitako chake ikiwa finyu mno singa hukatika, ikiwa pana mno hutoka na nyama ya jani, na fundi mzoefu huitambua kasoro hiyo kwa mlio kabla hajazitazama singa zenyewe. Mambo haya kijana hujifunza kwa kusimama kando ya mtu anayeyajua.

Nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964, kabla zao hilo halijaporomoka. Leo Serikali inawahimiza wakulima wadogo walirudie, na wengi wao hawana korona wala fundi wa karibu. Napendekeza Bodi ya Mkonge, ambayo makao yake yako hapa Tanga, ishirikiane na halmashauri za mkoa kuandaa daftari la mafundi, wanyapara na wapima madaraja ya singa waliostaafu, kisha iwaunganishe na vyama vya ushirika vya wakulima na vyuo vya ufundi kwa asubuhi mbili au tatu kila wiki. Tusirudishwe kwenye ajira, kwani nafasi hizo ni haki ya vijana, na miili yetu nayo ina mipaka yake, bali tupewe wanafunzi.

Gharama yake si kubwa. Nauli ya kutoka mjini hadi Muheza na chakula cha mchana vingetosha kuanzia, na masharti mengine tunaweza kuyazungumza.

Fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga