Mnara wa Hrelyo, ndani ya monasteri ya Rila

Sofia, Bulgaria

Swahiba yangu Hamadi,

Salamu nyingi, natumaini nyumbani wote hawajambo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonipa tabu. Uliniuliza majengo ya huku yakoje, na kwa kuwa wewe ni mwashi, najua si maghorofa ya vioo unayotaka kuyasikia. Basi nikueleze mnara mmoja wa mawe uliomo ndani ya monasteri ya Rila, milimani kusini mwa Sofia, mita 1,147 juu ya usawa wa bahari.

Wenyewe wanauita mnara wa Hrelyo. Una pembe nne, na upande wake hata mita tisa haufiki, lakini kwenda juu ni kama mita 23. Kuta za nje zimeshikwa na nguzo nene, na kule juu nguzo hizo zimeunganishwa kwa matao. Ukisimama chini yake unaona kabisa kwamba aliyeujenga alikuwa na maadui. Ndani kuna chumba cha chini na ghorofa tano juu yake, madirisha membamba. Hatari ilipoingia bondeni, watawa walijifungia humo pamoja na mali ya monasteri.

Hrelyo hakuwa mtawa. Alikuwa kabaila mwenye ardhi na askari, enzi za Stefan Dušan, mfalme wa Serbia. Ukutani ameacha maandishi yaliyopangwa kwa matofali, yakimtaja mfalme huyo kwanza, kisha yeye mwenyewe, kwamba ameujenga mnara kwa taabu na gharama kubwa kwa ajili ya Mtakatifu Yohana wa Rila, mwanzilishi wa monasteri hiyo, na Mama wa Mungu. Mwaka ulioandikwa ni 6843! Wakristo wa huku zama zile walihesabu tangu kuumbwa kwa dunia, na mwaka wao ulianza Septemba, kwa hiyo kwa hesabu yetu ni kati ya 1334 na 1335. Nilisimama pale muda mrefu nikiyatazama matofali yale. Fundi aliyeyapanga bila shaka mkono wake ulikuwa mwepesi kama wako.

Mbele ya mfalme huyo alijinyenyekeza, lakini hakukaa upande mmoja. Baadaye akaelekea kwa Wabizanti, yaani dola ya Kirumi ya Mashariki, nao wakampa cheo cha kaisari. Kwa mtu wa namna hiyo, mnara kama huu mbali milimani haukuwa sadaka tupu. Naamini alijua kuna siku ataukimbilia. Na kweli maisha yake yaliishia Rila. Alivikwa utawa, akaitwa Hariton, akafariki mwaka 1342. Jiwe la kaburi lake bado limehifadhiwa katika monasteri hiyohiyo.

Kilichonigusa zaidi kiko ghorofa ya juu kabisa. Ningetarajia pale pawe mahali pa wapiga mishale, kumbe ni kanisa dogo la Kugeuka Sura kwa Bwana. Kutani mna michoro ya karne ya 14, na mmojawapo unaonyesha zaburi za mwisho, zile za kumsifu Mungu kwa ngoma na vinanda: kuna wapigaji, na watu wameshikana mikono wanacheza. Hebu fikiria, watu wamejificha kwa hofu, na juu ya vichwa vyao kumechorwa ngoma.

Hrelyo alijenga na kanisa kubwa uani, lakini hilo halipo tena. Moto wa mwaka 1833 uliteketeza makazi ya watawa, na mwaka uliofuata kanisa lake lilibomolewa ili lijengwe hili kubwa la sasa lenye kuba. Katika majengo yake yote umebaki mnara peke yake, umezungukwa na roshani za mbao na matao ya rangi nyeusi na nyeupe ya karne ya 19.

Sasa nisaidie jambo moja kwa ufundi wako. Mwaka 1844 waliuegemeza mnara huo jengo jingine dogo la kengele, ukuta kwa ukuta. Jengo jipya likishikizwa kwenye ukuta wa miaka mia tano, si litatitia kivyake na kuuvuta ule wa zamani? Nimetazama pale yanapokutana, sikuona ufa. Nitakutumia picha, unijibu walifanyaje.

Wasalimie wazee na watoto.

Wako,
Juma