Kaka, kabla hujalipa kile kiwanja cha Ununio

Miami, mwezi wa 10

Kaka Idi shikamoo, na mama mfikishie shikamoo yangu, mwambie ile presha asiichezee, vidonge anywe hata siku anayojisikia mzima. Mimi sijambo, kazi zinaenda.

Ile picha ya kiwanja unachotaka kununua hapo Ununio, ufukweni Dar, nimeiona, na swali lako nimelisikia, eti kweli mji mzima unaweza kuliwa na bahari au ni stori za kututisha tu. Ngoja nikwambie nilichokiona mwenyewe, maana huku ndo napokaa.

Jumanne iliyopita nimeshuka kwenye basi Miami Beach asubuhi naenda hotelini kazini, jua linawaka, mvua haijanyesha siku tatu, lakini barabarani maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikasimama kuangalia yanatokea wapi. Yanatoka kwenye tundu la mtaro, yanabubujika taratibu kama uji unaoanza kuchemka, na visamaki vidogo vinazunguka pale juu ya lami. Nikachovya kidole nikalamba, chumvi tupu. Nikavua viatu nikakunja suruali ya kazi nikavuka, wenzangu wanaona kawaida kabisa maana kila mwaka kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 11 ni hivyo. Ni bamvua tu kaka, yale maji yanayojaa sana mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, lile lile la kwetu, ila huku bahari inapanda kwa kurudi kwenye mitaro iliyochimbwa kupeleka maji ya mvua baharini. Mwaka 2016 walikuta pweza kwenye maegesho ya chini ya jengo moja la ghorofa, alikuja na maji hayo hayo.

Utasema si wajenge ukuta wa kuzuia bahari kama wa pale Obama Drive, Dar. Na mimi nilisema hivyo hivyo, mzee mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia chini ya mji wote huu kuna mwamba wa chokaa wenye matundu matundu, we fikiria yale mawe ya magofu ya Kunduchi tulipokuwa tunacheza. Sasa ukuta utazuia wimbi, lakini maji yanapita chini kwenye mwamba yanakuja kutokea nyuma ya ukuta. Kwa hiyo wameweka mapampu, wamenyanyua barabara, hela iliyoenda ni mamilioni ya dola, kuna mtaa unaitwa Sunset Harbour barabara imepandishwa mpaka maduka ya zamani yamebaki chini, unashuka ngazi kuingia.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, mji hauliwi siku moja. Tangu mwaka 1900 bahari za dunia zimepanda kama sentimita 20, na karibu nusu ya hizo zimekuja baada ya 1993, kwa sababu maji yakipata joto yanatanuka na barafu ya Greenland na Antaktika inayeyuka. Pwani ya Marekani wataalamu wao wanatarajia sentimita 25 hadi 30 zaidi ifikapo 2050 ukihesabu kutoka 2020. Unaweza kuona ni urefu wa rula tu, lakini huku kupwa na kujaa hakufiki hata mita moja, watu wamejenga mlangoni kwa bahari, rula moja inatosha kuwaharibia.

Na kinachoanza kuharibika sio nyumba, ni choo na kisima. Wilaya hii ina nyumba zaidi ya laki moja zinazotumia makaro, yale mashimo ya maji ya choo, bahari ikipanda na maji ya ardhini yanapanda, karo halinywi tena, uchafu unarudi. Maji ya kunywa nayo yanatoka ardhini, chumvi inasogea kidogo kidogo, mji wa jirani wa Hallandale Beach umeshafunga visima vyake vingi. Halafu mimi nimepanga Little Haiti, huku ni juu kidogo, zamani watu weusi walisukumwa huku kwa sababu ufukweni hawakutakiwa, leo wenye hela wameanza kupatamani huku juu na kodi yangu imepanda mara mbili ndani ya miaka minne. Majirani zangu wawili wamehama, mmoja kaishi hapa miaka thelathini. Inaniuma sana, maji hayajawafikia lakini yameshawatoa.

Sasa turudi kwenye kiwanja. Kaka, kwenye ile picha nyuma yako kuna ngalawa imelala ubavu mchangani. Dalali amekupeleka maji yakiwa yamekupwa! Kwetu bamvua kati ya kupwa na kujaa ni zaidi ya mita tatu, hapo uliposimama unaweza usipajue yakipita masaa sita. Na unakumbuka ilipokuwa Africana Hotel, bahari ilivyokuwa inakula ufukwe wa Kunduchi, mikoko ikikatwa na mchanga ukichotwa mitoni hakuna kinachobaki cha kuishika ardhi.

Nakuomba usubiri mwezi mpevu, nenda na baba mkubwa, yeye bahari anaijua. Kaa mpaka maji yajae, tafuta ule mstari wa majani na takataka maji yanapoishia, uone uko umbali gani na bikoni za mpaka wa kiwanja. Omba maji ya kisima cha jirani uonje. Muulize karo lao wananyonya mara ngapi kwa mwaka, na wakati wa masika linakuwaje.

Hela ninayo, imekaa, siigusi. Nitumie picha nyingine umesimama pale pale maji yakiwa juu, nikiiona natuma siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Zuhura