Ahsante yako nataka uigawe

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Pemba sote wazima, alhamdulillahi. Nimefurahi kusikia umeshalipa ada na umepata chumba karibu na chuo, hapo Tunguu. Umeniandikia "ahsante mama" na nimeipokea kwa moyo mkunjufu, lakini si yangu peke yangu. Nataka uigawe.

Ada yako imetoka kwenye karafuu, na kazi ile unaijua. Aliyepanda juu ni mjomba wako, na tawi la mkarafuu huvunjika upesi, halina huruma na mtu. Karafuu hazimngoji mchumaji, zikishachanua thamani yake imekwenda, kwa hiyo alipanda hata siku alizokuwa na homa. Usiku bibi yako alikaa jamvini na wenzake wakichambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, mpaka vidole vikawa vyeusi. Na mvua iliponyesha nami nipo sokoni, jirani yetu aliacha chungu chake jikoni akakimbia kutuanulia. Zingelowa zile, tungepeleka nini ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu?

Basi wapigie. Usimwambie mjomba "ahsante kwa kila kitu", hiyo humpita mtu sikioni. Mwambie umesikia kwamba alipanda akiwa na homa. Atajua kuwa kazi yake imeonekana.

Nimesoma juu ya Emmons na McCullough, wataalamu wa Marekani, ambao mwaka 2003 walitoa utafiti wao. Wanafunzi walioandika kila wiki mambo wanayoyashukuru waliridhika na maisha yao kuliko walioandika kero zao. Ni jambo zuri, nawe weka daftari lako. Ila Mtume wetu ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na shukrani iliyobaki daftarini haijamfikia aliyekutendea wema.

Hapo ulipo pia wapo watu. Yuko anayefagia ukumbi kabla hujaamka, yuko mpishi, yuko mlinzi anayekufungulia geti ukichelewa maktaba. Waulize majina yao wiki hii, uwasalimie kwayo. Mlinzi akiwa mtu mzima, shikamoo kwanza.

Bibi yako mchana hasikii vizuri kwenye simu kwa kelele za watoto. Mpigie baada ya Isha, useme kwa sauti, na usikate mpaka amalize kukuombea dua, hata ikiwa ndefu.

Mama yako